Faili la Ahadi

Hamza alinipigia simu asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni, akaniambia Mzee Kasubi amefariki, anazikwa leo baada ya sala ya alasiri, na familia inaniulizia. Nilidhani wananiulizia kwa sababu niliwahi kufanya kazi kwake. Hamza akanikatisha. "Hapana, dada. Wanataka mtani. Bi Mwajuma kasema mwili hautoki bila wewe." Kisha akanipa ujumbe wa mama huyo, ambaye sasa ni mjane, kama alivyotumwa: nisije na sura ya msiba, kwa sababu sura za namna hiyo zimeshajaa uani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia. Halafu nikainuka kutafuta kanga.

Kwa vijana ambao utani wameuona tu kwenye simu zao, nieleze. Mimi ni Mluguru, Mzee Kasubi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na baina ya watu wetu kuna utani wa tangu zamani, misafara ya wapagazi wao ilipokuwa ikipita chini ya milima yetu. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia akaondoka nayo, na ukikasirika utaonekana wewe ndiye huna adabu. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wanao. Lakini haya yote hayaondoi shikamoo. Mkubwa unamwamkia kwanza, ndipo unamtukana. Niliwasha gari nikatoka Dodoma nikijiuliza nitawezaje kumchekesha mtu yeyote siku hiyo. Nilipofika Dumila nikapunguza mwendo, kwa sababu nyuma ya wauza vitunguu, pale palipokuwa na mgahawa wa mabati, ndipo Mzee Kasubi aliponiambia jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote kazini. Nikaona nisipolikumbuka vizuri kabla ya kufika msibani Bigwa, nitakuwa nimekwenda mikono mitupu.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya tisini, wakati watu wa Morogoro walipokuwa ama wamepunguzwa kazi, ama wanasubiri kupunguzwa, ama wanafungua vibanda vya mitumba kwa kiinua mgongo. Mzee Kasubi alikuwa mhandisi katika kiwanda kimoja cha umma. Kiwanda kilipofungwa hakufungua kibanda. Alinunua kompyuta, akapanga vyumba viwili nyuma ya duka la baiskeli, akaandika ubao kwa mkono wake kwamba hapo panatengenezwa mizani na kompyuta, na majirani wakaamini kupunguzwa kazi kumemgusa akili. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi la wateja na meza yenye kitambaa cha kufuma. Chumba cha nyuma ndimo tulimokuwa sisi, pamoja na mashine zilizofunikwa kwa vipande vya kanga alivyovishona mkewe, Bi Mwajuma, nyaya sakafuni, kichwa cha mizani kilichofumuliwa juu ya gazeti, feni iliyozunguka ikipenda, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyochanganyika na harufu ya mipira ya baiskeli kutoka dukani. Ukuta mmoja ulikuwa na unyevu mwaka mzima. Mpaka leo nikinusa tairi jipya naona herufi za kijani zikitembea kwenye kioo cheusi.

Nilifika pale nikiwa nimemaliza kidato cha sita na kujifunza kuandika programu kwa padri mmoja wa misheni, huko kwetu mlimani, aliyekuwa na kompyuta moja na subira nyingi. Nilimwamkia Mzee Kasubi kwa goti, kama nilivyofundwa. Akaitika marahaba, akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Mluguru?" Nikasema ndiyo, mzee. "Simama vizuri nikuone. Naam. Mguu mmoja mfupi. Mmezoea mteremko, tambarare inawapa shida." Hamza, aliyekuwa mfanyakazi pekee pale, kijana wa Dar aliyemfuata dada yake Morogoro, aliinamisha kichwa akidhani nitalia. Mimi nikasema, "Na wewe, mzee, mabega yamelala upande mmoja. Msafara umekwisha siku nyingi, hujaambiwa utue mzigo?" Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa shati. Hakuniuliza swali jingine lolote. Nilianza kazi mchana uleule.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kiwanda kimoja cha sukari, ukishapita Dumila, kilikuwa na mizani ya kupimia malori ya miwa, na mizani hiyo iliunganishwa na kompyuta. Kompyuta peke yake haijui mizani ni nini. Mfumo endeshi wake unahitaji programu ndogo ya kukaa katikati, inayojua kusemezana na kifaa na kuziletea programu nyingine habari zake; hiyo ndiyo tunayoiita draiva. Programu mbili zilitegemea draiva yetu. Ya kwanza, ya kuonyesha uzito kwenye kioo cha getini, ilikuwa ya Hamza. Ya pili, ya kuchapa tiketi anayopewa mkulima, Mzee Kasubi aliishika mwenyewe. Draiva nilikabidhiwa mimi, nayo ilikuwa faili moja refu alilokuwa ameliandika kwa haraka, kila kitu kimo humo kimechanganyika: namna ya kuomba uzito, waya gani usomwe, namba mbichi zilizotoka kwenye mizani zihifadhiwe wapi, hesabu za kuzisafisha. Aliyeandika programu juu yake aliweza kuchota popote alipotaka. Mzee alitaka nilikate vipande viwili. Faili la mbele litakuwa la kila mtu, na faili la ndani litakuwa letu wenyewe wa draiva, wengine wasiliguse.

Nilidhani nitaimaliza kwa siku mbili, maana kukata faili si kukata mti. Yeye akaja na masinia mawili ya nyumbani kwake, moja la bati tupu na moja la maua mekundu, akaniambia niandike kila jina lililomo ndani ya draiva kwenye kipande chake cha karatasi. Sinia la maua ni mbele, la bati ni ndani. Kila asubuhi alivuta kiti, akaokota karatasi kutoka kwenye sinia la maua, akanitaka niitetee. "Hii inafanya nini huku?" Nikisema huenda mtu akaihitaji, ananirudishia neno langu. "Huenda? Ukiiweka mbele umemwahidi, Mluguru. Mizani ikibadilika kesho, utaweza kutimiza?" Nikikaa kimya, karatasi inahamia kwenye bati. Mimi nilikuwa na roho ya kugawa. Kwetu mgeni hafichwi chungu, na niliona kuficha ni uchoyo tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yeye hakuwa anaficha. Alikuwa anahesabu ni maneno mangapi anaweza kuyasimamia hata kama mizani yote itang'olewa na kuletwa nyingine asiyoijua. Mwisho sinia la maua lilibaki na karatasi nne: fungua mizani, soma uzito, rudisha kwenye sifuri, funga. Hilo akaliita faili la ahadi. Na kuanzia hapo, mtu akitumia kitu ambacho hakimo humo, hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ya kuimba kidogo, kidole juu, "Nani alikuahidi?"

Bi Mwajuma ndiye aliyetuletea chakula cha mchana, kwenye kikapu, akitembea kutoka nyumba ya kupanga waliyokuwa wakiishi. Ugali na kisamvu cha karanga, siku nyingine maharage, siku nyingine matobolwa yaliyotumwa na ndugu zake kutoka Tabora, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa upya, ambavyo mimi nilivila kila mara nikitangaza kwamba ni chakula cha njiani cha wapagazi. Mimi nilileta magimbi na ndizi za kwetu. Siku ya kwanza aliyoyaona masinia yake mezani alishika kiuno. "Shabani! Nimekaribisha wageni nikahangaika kutafuta sinia, kumbe limekuwa ofisi?" Mumewe akamweleza kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja, kipi kinaonyeshwa na kipi hakionyeshwi, na kwa nini. Yeye akasikiliza huku anapakua. "Kwa hiyo mteja aone wali, asione moto." Mzee akasema, "Akiuona moto ataanza kukufundisha kupika." Walicheka wote wawili, na mimi nikawaonea wivu wa namna walivyocheka. Masinia hakuyapata mpaka kazi ilipokwisha.

Kupitia ukuta mwembamba tulisikia yote yaliyosemwa kwenye benchi la mbele. Wateja waliongea kuhusu nani amepunguzwa na nani ameponea, kiwanda gani kimepata mnunuzi na kipi kimekuwa banda la popo. Kuna mzee mmoja aliyekuja kila wiki kuuliza kama kikokotoo chake kimepona, na kila wiki alisema soko huria limefungua milango yote isipokuwa wa kwake. Tulicheka, lakini siku moja kicheko kilikatika. Tulikuwa na Hamza tunakula, tukasikia Mzee Kasubi na mkewe wakiongea kwa sauti ya chini upande wa pili. Kiwanda cha sukari kimepata wenye mali wapya. Wataleta mizani mpya kutoka nje kabla ya msimu wa miwa. Mhandisi wao amekubali karakana yetu iijaribu mbele yake mara moja. Ikienda vizuri kazi inaendelea, isipokwenda wataleta watu wao na mitambo yao. "Na tukiikosa hii?" akauliza Bi Mwajuma. "Turudi Tabora." "Na nyumba ya Bigwa tuiache bila paa?" Mzee akasema, "Tutaiuza hivyo ilivyo." Hamza alilirudisha tonge lake kwenye sahani. Nami tangu hapo nilijua kwamba kiwanja kile cha Bigwa, chenye kuta zilizofika kwenye linta na miche ya mapapai katikati ya vyumba, kimesimama juu ya mafaili mawili niliyokuwa nayashika mimi.

Kwa hiyo Hamza alipokuja kuniomba namba mbichi nilikuwa mkali kuliko ilivyostahili. Shida yake ilikuwa ya kweli. Lori likipanda mizani hutikisika, miwa inacheza, uzito unapanda na kushuka, na draiva yetu ilikataa kutoa jibu mpaka lori litulie. Wakati huo wote kioo cha getini kilikuwa cheusi, na madereva wakidhani mitambo imekufa walishuka kuja kugonga dirisha. Hamza alitaka achungulie ndani, achukue zile namba kabla hazijasafishwa, kioo kichangamke. "Nipe tu sehemu zinapokaa, dada. Sitagusa, nitasoma tu." Nikamwambia hazimo kwenye faili la mbele. "Najua hazimo. Wewe unajua ziliko." Nikamwambia kujua kwangu hakumhusu. Akaniita askari wa kizuizi. Akauliza kama namba zile nimezipeleka gereza la Kingolwira zikalime pamoja na wafungwa wengine, na zitatoka kwa msamaha gani. Siku tatu nne hakunisalimia. Chumba kilikuwa kidogo kwa ugomvi. Tulikuwa tunagusana viwiko huku tumenuniana.

Mzee Kasubi aliyamaliza bila kumuunga mkono yeyote. Alimuuliza Hamza, "Usiniambie unataka kuchukua nini. Niambie dereva wa lori anataka kujua nini." Hamza akafikiri, akasema dereva anataka kujua kama bado anasubiriwa. "Basi hilo ndilo umuombe Mluguru." Tukaongeza karatasi ya tano kwenye sinia la maua: je, lori limetulia? Draiva ingejibu ndiyo au bado, na kioo cha Hamza kingeandika SUBIRI kwa herufi kubwa. Ilikuwa ahadi ambayo mizani yoyote duniani ingeweza kuitimiza. Hamza aliniletea mhogo wa kuchoma siku ile, ukiwa na pilipili nyingi kupita kiasi, nami nikaula wote na machozi yakinitoka kwa sababu ndiyo ilikuwa samahani yake. Nimeshakaa kwenye mikutano mingi ya watu wenye vyeo kuliko Hamza, wakigombania nani aruhusiwe kuingia ndani ya mfumo wa mwenzake, na kila mara natamani mtu angeingia na kuuliza swali lile la dereva wa lori.

Kichwa cha mizani mpya kilipofika, nilikaa nacho chumba cha nyuma nikaliandika upya faili la ndani lote. Mizani ya zamani ilikuwa ikihesabu kwa kilo kumi kumi, ikisema moja ilimaanisha kilo kumi. Hii mpya ilihesabu kilo moja moja. Hayo yalikuwa mambo ya ndani, nikayamalizia ndani. Faili la ahadi sikuligusa hata nukta. Nilijisikia vizuri sana kazini kwa mara ya kwanza, nakumbuka, nikaimba nyimbo za kwaya mpaka muuza baiskeli akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Tulikwenda kiwandani sote watatu. Mhandisi wa wenye mali wapya alikuwa mtu mpole, mwekundu kwa jua, aliyesimama na mikono nyuma. Alikuwepo meneja, na wakulima wa miwa wengi kuliko walioalikwa, kwa kuwa mizani ni yao kuliko ya mtu mwingine yeyote, na walitaka kuona kwa macho yao chombo kitakachosema jasho lao ni kiasi gani. Lori la mmoja wao, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu katika joto lile, ndilo lililoteuliwa kwa majaribio. Likapanda. Kioo cha Hamza kikaandika SUBIRI. Lori likatulia, kioo kikatoa uzito, sawa kabisa na ule uliosomeka kwenye kichwa cha mizani chenyewe. Watu wakapiga makofi. Mzee Kasubi akabonyeza, mashine ikakoroma, tiketi ikatoka, akampa yule mkulima. Mkulima akaisoma. Akaisoma tena. Tiketi ilisema lori lake limebeba uzito wa malori kumi. "Hapo hapo!" akapaza sauti. "Mtu asiguse kitu! Acheni hivyo hivyo!" Wakulima wakaangua kicheko. Mhandisi hakucheka, aliichukua tiketi akaitazama, kisha akamtazama meneja, na meneja akamtazama Mzee Kasubi.

Mzee alichapa tena, ikatoka vilevile. Aligeuka kwangu, akasema mbele ya watu wote, bila ukali, "Sesilia, angalia ndani mwako. Kuna kosa." Hakuwahi kuniita jina langu kabla ya siku ile. Nilijua si kwangu, kwa sababu Hamza alisoma kwenye draiva ileile na amepata sawa. Kitu kinachozidi mara kumi kamili ni cha mtu anayedhani mizani bado inahesabu kwa kilo kumi kumi, na hakuna njia ya kudhani hivyo ila kwa kuingia ndani na kuchota namba mbichi mwenyewe. Mimi sikufanya hivyo, na Hamza nilimnyima mahali zilipo. Alibaki mtu mmoja duniani aliyepajua, kwa kuwa alipajenga. Nilisimama pale nikiwa na jibu mdomoni na sikuweza kulitema. Msichana wa umri wangu angemwambia nini mzee, mwajiri wake, mwalimu wake, mbele ya wageni na meneja na wakulima? Nikinyamaza, tunarudi Morogoro bila kazi. Nikisema, nimemvua nguo hadharani, na mtu aliyevuliwa nguo na mtoto hapewi kazi ya mizani. Kuta za Bigwa nilikuwa naziona wazi, pamoja na mapapai yake.

Sijui wazo nililipata wapi. Nilipiga hatua mbele, nikainua kidole kama yeye, nikaigiza sauti yake ya kuimba. "Mzee Kasubi! Nani alikuahidi?" Akanikodolea macho. Nikawageukia wakulima, maana miongoni mwao Waluguru wenzangu hawakukosekana. "Jamani, huyu ni Mnyamwezi wangu. Tangu lini mpagazi akafungua mzigo njiani? Alipewa abebe, yeye kaingiza mkono ndani, anaonja!" Kicheko kilichotoka hapo kilitisha ndege kwenye paa la kiwanda. Mama mmoja akadakia, "Mpe tena mzigo huyo, mtumwa wetu!" Mwingine akauliza kama lile ongezeko la mara kumi ni posho yake ya njiani. Mzee Kasubi alisimama na kinywa wazi. Kisha nikaona imemwingia, si utani, kosa lenyewe. Macho yake yalikwenda kwenye mashine yakarudi kwangu. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuvua miwani. "Mluguru," akasema, "umenikamata kweli." Akakaa, akafuta mstari mmoja katika programu yake, akaandika mwingine wa kuuliza uzito kwa mlango wa watu wote, na tiketi iliyofuata ilitoka sawa na kioo. Yule mkulima wa kofia ya sufu akasikitika waziwazi. Mhandisi alimuuliza meneja kilichowachekesha watu. Meneja akafikiri jinsi ya kueleza, akashindwa, akasema, "Wamesharekebisha." Mhandisi akarudia majaribio mpaka akaridhika, akampa Mzee Kasubi mkono, na msimu ule tukaupata.

Wakati wa kurudi tulisimama Dumila, kwenye mgahawa ule wa mabati. Hamza alikwenda kununua vitunguu. Mzee Kasubi aliagiza wali na nyama ya mbuzi kwa sote, lakini yeye alikuwa anazungusha tu kijiko. Akaniambia meneja alikuwa amemlalamikia kwamba tiketi zinachelewa na malori yanapanga foleni, naye, badala ya kuomba kwenye faili la mbele kama wengine, aliingia ndani kwa mkato, kwa muda tu, arudi kurekebisha baadaye. Akasahau. Tena alichokihitaji kilikuwa kimeshawekwa mbele, ile karatasi ya tano, ambayo ingemwambia mara tu lori lilipotulia. Hakuwahi kulisoma faili la ahadi tangu tulimalize. Alisome la nini, na yeye anapajua ndani? "Nilikuwa nawachunga ninyi," alisema. "Aliyehitaji kuchungwa ni aliyejenga. Usimwamini mtu kwa sababu anapajua ndani, Mluguru. Hata mimi. Na siku ukiwa wewe ndiye mjenzi, usijiamini." Nikataka kumwomba radhi kwa yale ya mbele ya watu. Akaweka kijiko chini. "Ungeniheshimu kidogo zaidi leo, mimi ningekuwa nimeshakwisha." Halafu akala, na akamaliza hadi nyama yangu, akidai ni kodi ya Mnyamwezi.

Niliondoka mwaka uliofuata kwenda chuo. Nimejenga mifumo mingi tangu wakati huo, na mafaili ya mbele na ya ndani nimeyakata kwa mamia, bila masinia. Lakini nililobeba kutoka Dumila ni hilo la mwisho. Kila ofisi niliyoiongoza nimehakikisha yupo mtu mmoja, mdogo kwangu kwa cheo na umri, mwenye ruhusa kamili ya kunicheka mbele ya wengine. Wamenicheka sana. Wameniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Bigwa niliikuta nyumba imejaa watu hadi barabarani. Paa lake limeshapata kutu pembeni, na uani mipapai imezaa. Bi Mwajuma alinipokea, akanipa koti la kijivu la marehemu na miwani yake. Nikavaa. Nikapita uani kwa mwendo wake, mabega yamelala upande mmoja, nikasimama mbele ya wanawake waliokuwa wakipakua pilau, nikauliza ni nani aliyeruhusu sinia la maua liwekwe chakula. Binti yake mkubwa aliyekuwa analia tangu asubuhi alicheka ghafla, kwa sauti, na nikajua nitaweza. Nikamwendea Hamza, mzee wa mvi sasa, nikamwamuru arudishe namba alizoiba. Nikawaambia Wanyamwezi waliotoka Tabora kwamba safari hii mzigo wanaoubeba ni Mnyamwezi mwenzao, watajuana. Watu wakashika mbavu huku wakifuta macho.

Halafu wanaume wakainua jeneza. Nikakimbilia mlangoni, nikatanua mikono fremu hadi fremu, kama desturi inavyomtaka mtani afanye, nikainua kidole. "Nani aliwaahidi?" niliwauliza kwa sauti yake. "Nani aliwaahidi kwamba mtamchukua?" Wakacheka. Shehe mwenyewe akatabasamu, akatazama saa. Mtoto wa kiume wa marehemu akanipa noti, nikaikataa, akaongeza nyingine, nikaikataa nayo. Hapo ilipaswa nipokee na kupisha. Sikupisha. Nikauliza tena, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, si yake, na safari hii hakuna aliyecheka.

Bi Mwajuma alikuja akasimama karibu nami. Alinivua miwani taratibu, akaifuta kwa kanga yake, akaikunja. "Na wewe, mwanangu," alisema kwa upole, "nani alikuahidi kwamba atabaki?"

Nikashusha mikono, nikasogea pembeni, wakapita naye.